Amana Ndani ya Kioo

Juu ya kabati la vitabu nyumbani kwangu Dodoma kipo kipande cha tumbawe ambacho marehemu baba yangu alikiokota ufukweni Kilwa, cheupe kama chokaa, chenye mamia ya vitundu visivyozidi ukubwa wa punje ya mtama; na kila kiangazi, pepo za uwanda huu wa kati zinapovuma, vitundu hivyo hujaa vumbi jekundu hata nikalazimika kuvisafisha kwa mswaki mkuukuu. Kila kitundu kilikuwa chumba cha kiumbe hai. Watoto wa jirani hudhani ni jiwe. Mimi kwa miaka mingi nilidhani ni mali yangu.

Dhana hiyo ilitikisika nilipopata habari za watu, aghalabu wa Ulaya na Marekani, wanaofuga matumbawe hai katika matangi ya kioo sebuleni mwao, wengine wakiwa mbali na bahari kama tulivyo sisi wa Ugogo. Kazi hiyo yataka subira: chumvi ipimwe kadiri ya gramu 35 kwa lita ya maji, joto lisipande wala lisishuke, na taa zishike nafasi ya jua, kwa kuwa mwilini mwa tumbawe hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao humlisha mwenyeji wake kwa nguvu ya nuru. Mfugaji hodari hukata kijitawi, akakigandisha juu ya kijiwe, nacho kikakua hata kikakatwa tena na kupewa mwingine. Hivyo hupatikana vizazi visivyopata kuionja bahari.

Je, kizazi kama hicho ni cha nani? Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini ulitiwa saini Washington Machi 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Na matumbawe magumu, hai na mafu, yamo katika orodha yake ya pili, isiyoharimisha biashara bali huitaka iwe na kibali ivukapo mpaka. Mwaka 2014 Marekani nayo ilitia aina 20 za matumbawe katika sheria yake ya viumbe walio katika tishio, 15 kati yake zikiwa za Bahari ya Hindi na Pasifiki, na wafugaji wakaingiwa na hofu kwamba kilichozaliwa mikononi mwao kingehesabiwa sawa na kilichoporwa. Malalamiko yao yana insafu. Walakini forodha nayo ina hoja, maana mwana wa tangi na mateka wa mwambani hufanana, na ulimi wa kuwatenganisha ni hati peke yake.

Sheria, basi, huuliza: umekipata wapi? Dini huuliza: wakitunzaje? Katika hadithi za Mtume yumo mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Na yumo mtoto Abu Umayr, aliyekuwa na kidege chake wala asikatazwe. Katika Mwanzo, Adamu huwekwa bustanini ailime na kuitunza, wala haambiwi kwamba ni yake. Kufuga si dhambi; dhambi ni kusahau kwamba kilichoko mkononi ni amana, neno lililo karibu sana na lile alilolikusudia Mwalimu Nyerere mjini Arusha mwaka 1961, aliponena kuwa tumepokea dhamana ya wanyama wa nchi hii kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu.

Na mwenye amana hujulikana siku ya kurudisha. Chura mdogo wa Kihansi, aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko ya Udzungwa na si kwingineko duniani, alipokaukiwa na makazi yake kwa sababu ya bwawa la umeme, wenzake wapatao 500 walipelekwa Marekani mwishoni mwa 2000, wakalelewa ndani ya vioo. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Na mwaka 2012, baada ya mabomba ya kunyunyiza maji kuwekwa bondeni, vizazi vyake vikaanza kurudishwa kwao. Kioo kile hakikuwa milki.

Tumbawe la sebuleni, hata hivyo, halirudishwi ovyo, lisije likapeleka maradhi baharini. Na bahari yenyewe si ile ya jana, kwani joto la mwaka 1998, lililopausha matumbawe ya Mafia na pwani nzima, halikupiga hodi kwa afisa yeyote. Naona basi kwamba urejeshaji wa mfugaji ni kutochukua tena: kila kijitawi anachompa mwenzake, pamoja na maandishi ya asili yake, humwondolea mwamba adha ya nyundo moja; na sheria yenye hekima ingempokea mtu wa namna hiyo kama mshirika wake, huku ikiendelea kumuuliza.

Mimi sikuulizwa na mtu. Hata hivyo juma lililopita, baada ya kukisafisha kipande kile, nilikata karatasi ndogo nikaiweka chini yake, nimeandika: Kilwa, ufukweni, kiliokotwa na baba, na mahali pa jina la mwenye mali nikapaacha wazi.