Mfalme Mkoma na Shemeji Yake

Watoto wa wakubwa wa Yerusalemu walikuwa wakifinyana mikono kwa kucha, kuona nani atalia kwanza. Mmoja tu hakulia. Mwalimu wake William, aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Tiro na mwandishi wa historia ya ufalme ule, alidhani mtoto ni mvumilivu. Alipomkagua akakuta mkono wa kulia umekufa ganzi. Mtoto huyo alikuwa Baldwin, mwana wa Mfalme Amalric, na ganzi ile ilikuwa mwanzo wa ukoma.

Julai 1174 Amalric alifariki na Baldwin akavishwa taji la ufalme huo wa Wanamsalaba akiwa na miaka 13. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1177, aliongoza jeshi dogo huko Montgisard akalisambaratisha jeshi la Salahuddin, sultani Mwislamu wa Misri, ambaye mwenyewe alinusurika chupuchupu. Wasimuliaji wengi humwacha hapo, shujaa mgonjwa juu ya farasi. Mimi naona funzo liko kwenye harusi ya dada yake.

Baldwin hangeweza kupata mtoto, kwa hiyo mume wa dada yake Sibylla, mjane mwenye mwana mdogo, ndiye aliyetarajiwa kushika ufalme. Uamuzi mzito kama huo ulihitaji baraza na subira. Lakini karibu na Pasaka ya 1180, anasema William, mfalme alisikia kwamba jamaa zake, Raymond wa Tripoli na Bohemond wa Antiokia, wanaingia nchini na askari. Akahofia kupinduliwa. Mbiombio akamwoza Sibylla kwa Guy wa Lusignan, mgeni kutoka Ufaransa ambaye wakuu wengi hawakumkubali. Jamaa wale walipofika, hawakumpindua mtu.

Mwaka 1183 macho ya mfalme yalikuwa yamekwisha, mikono na miguu haifanyi kazi tena. Akamkabidhi Guy usimamizi wa nchi. Salahuddin akaingia, Guy akakaa kambini na jeshi kubwa bila kupigana mpaka adui akaondoka zake. Wapo wanaomtetea, kwamba jeshi lilirudi salama, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mfalme hakuikubali. Alimvua madaraka, akamvisha taji mpwa wake, mwana wa Sibylla, mtoto wa miaka mitano hivi, kisha akabebwa kwenye machela pamoja na jeshi kwenda kuiokoa ngome ya Kerak. Salahuddin akaacha kuizingira.

Kumwondoa shemeji nyumbani kulimshinda. Alijaribu kuivunja ile ndoa. Guy akajifungia Ascalon na mkewe, akakataa wito kwa kisingizio cha ugonjwa. Ugonjwa, anamwambia nani! Mfalme akaenda mwenyewe, kipofu, akagonga lango kwa mkono wake. Watu wa mji walikuwa wamejaa juu ya kuta wakitazama, na hakuna aliyefungua.

Kabla ya kufa mwaka 1185 alipanga kwamba Raymond awe msimamizi, na mtoto akifariki, Papa, mfalme mkuu wa Wajerumani na wafalme wa Ufaransa na Uingereza waamue nani arithi. Wakuu waliapa. Mtoto alifariki 1186, na wale waamuzi wa mbali hawakuulizwa neno. Sibylla alivikwa taji, kisha kwa mkono wake mwenyewe akamvika mumewe Guy.

Julai 1187 Guy aliyaacha maji ya Saffuriya akaliongoza jeshi kwenye jua kali kuelekea Tiberia. Tarehe 4, askari wakiwa hoi kwa kiu, Salahuddin alilimaliza pale Hattin. Tarehe 2 Oktoba Yerusalemu ikasalimu amri. Guy alitekwa, akaachiwa mwaka uliofuata, na mwaka 1192 akapata kisiwa cha Kupro, akakitawala mpaka alipofariki.