Kushindwa kwa Alama Mbili

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hili ni jepesi kinywani mwa aliyeshinda, bali ni zito kwake aliyepungukiwa kidogo tu. Huzidi kuwa zito pale mshindwa ajuapo ya kuwa hukumu iliyomtoa ilikuwa na kosa. Basi na tuulize: mtu wa namna hii yampasa kukubali? Na akikubali, amekubali nini?

Tutwae mfano katika kriketi, mchezo ambao mataifa huushindania hata siku tano. Mwezi wa Agosti 2005 Waingereza na Waaustralia walikutana katika uwanja wa Edgbaston, mjini Birmingham. Waaustralia walikuwa wamekwisha kushinda shindano la kwanza huko London, nao walihesabiwa kuwa hodari kuliko wote. Katika zamu yao ya mwisho walitakiwa kupata alama 282. Siku ya nne asubuhi, tarehe 7, alama 107 zilikuwa bado, na wapigaji wao mashuhuri wote walikuwa wamekwisha kutolewa.

Walisalia Shane Warne, Brett Lee na Michael Kasprowicz, watu ambao kazi yao hasa ni kuutupa mpira, si kuupiga. Hao walisimama. Warne alitoka kwa kuviangusha vijiti vyake kwa mguu wake mwenyewe, baada ya kupata alama 42. Lee alipigwa na mpira mwilini, wala hakurudi nyuma. Deni likapungua kidogo kidogo, hata zikabaki alama tatu tu za kushinda. Ndipo Steve Harmison alipotupa mpira, ukaigusa glavu ya Kasprowicz, naye Geraint Jones, aliyesimama nyuma ya vijiti, akaudaka. Mwamuzi Billy Bowden akainua kidole. Waaustralia walikuwa na alama 279. Wameshindwa kwa alama mbili.

Baadaye picha zilizoonyeshwa polepole zilidhihirisha ya kuwa mkono ule ulikuwa umekwisha kuliacha gongo. Na kwa sheria ya mchezo, mpira ukiugusa mkono usioshika gongo, mpigaji hatoki kwa kudakwa. Mwamuzi aliamua kwa macho yake, kwa kitambo kidogo, kama alivyopewa kazi.

Kwanza, twaona ya kuwa kukubali hukumu si kuliita kosa haki. Mkristo hakuagizwa kusema uongo ili aonekane mpole. Aweza kusema, "Ilikuwa kosa," na papo hapo akatoka uwanjani kwa utulivu, kwa sababu alipoingia alikubali kuamuliwa na mwanadamu.

Pili, kosa moja si shindano zima. Waaustralia wenyewe ndio waliochagua Waingereza watangulie kupiga, nao wakapata alama 407 siku ya kwanza. Tena, kabla ya mpira ule wa mwisho, Kasprowicz aliupiga mpira juu, na Simon Jones akashindwa kuudaka. Moyo wa mtu una desturi hii: bahati iliyomfaa huisahau, bali kosa lililomwumiza hulitunza miaka mingi. Anayenung'unika hana budi kuhesabu yote mawili.

Lakini hapa tujihadhari. Mwanamke mjane akinyang'anywa shamba kwa hukumu iliyopotoka, tusimwendee na methali ya mshindani. Yeye hakuingia mchezoni kwa hiari yake, wala shamba si alama. Kumwambia anyamaze ni kumsaidia mnyang'anyi. Hata katika kriketi kosa halikuachwa hivi hivi: mwaka 2009 ilianzishwa rasmi njia ya mchezaji kuomba hukumu itazamwe tena katika picha. Kutengeneza sheria kwafaa kuliko kumchukia mwamuzi.

Tatu, liko deni la mshindi. Wenzake walipokuwa wakishangilia, Mwingereza Andrew Flintoff alimwendea Lee aliyekuwa amechutama kwa uchungu, akainama, akampa mkono na kumshika bega. Alama hazikubadilika kwa tendo lile. Lakini Lee alitambuliwa kuwa mtu, wala si kitu kilichoondolewa njiani.

Sisi tunaofundishwa ya kuwa Mungu hutuhesabia haki kwa neema, wala si kwa mastahili yetu, ingetupasa kulijua jambo hili kuliko wengine. Katika mitihani ya watoto wetu, katika uchaguzi wa wazee wa kanisa, na katika mashindano ya kwaya, wako wanaopungukiwa kidogo. Walimu na wazee, msingoje hata waje kulalamika. Waendeeni kwanza, mkawape mkono. Na kama lipo kosa katika hukumu, litengenezeni.