Mtoto Hurithi Nini? Historia ya Ardhi katika Shule za Kericho na Bomet

Mwalimu wa historia au Masomo ya Jamii katika eneo la chai la Kericho na Bomet hukabiliwa na swali la kimaadili kila anapofikia mada ya ukoloni: je, mtoto hurithi hatia, au haki ya kudai, kutokana na dhuluma iliyotendeka kabla hajazaliwa?

Dhuluma yenyewe inajulikana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 iliihesabu hata ardhi waliyokaa Waafrika kuwa ya Mfalme wa Uingereza, na hukumu ya mahakama ya mwaka 1921 ikawafanya wenyeji kuwa wapangaji wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Wakipsigis, wenyeji wa eneo hili, walipoteza sehemu kubwa ya nchi yao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sehemu ya ardhi hiyo walipewa maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Kilimo hicho kiliposhindwa, makampuni ya chai yakaingia katika miaka ya 1920. Mwaka 1934 ilitungwa sheria mahususi ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho walioogopwa na serikali. Walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, penye mbung'o na mbu. Waliporudi mapema katika miaka ya 1960, wengi hawakuwa na ardhi ya kurudia.

Ugumu wa kufundisha haya unatokana na darasa lenyewe. Katika shule zilizo karibu na mashamba ya chai, watoto wa Wakipsigis huketi pamoja na watoto wa wafanyakazi ambao asili yao ni Kisii, sehemu nyingine za Nyanza au Magharibi. Machafuko ya mwaka 1992 na yale yaliyofuata uchaguzi wa 2007 yaliwafukuza wengi makwao. Kwa hiyo baadhi ya walimu huona heri kunyamaza. Lakini asiyefundishwa darasani hufundishwa na uvumi, na uvumi humgeuza jirani kuwa mrithi wa mnyang'anyi, ilhali mchumaji chai alikuja kuuza nguvu zake, wala si yeye aliyegawa ardhi.

Mapokeo ya dini yanatoa mwanzo wa jibu. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anakataa mwana aadhibiwe kwa uovu wa baba yake. Kurani nayo inafundisha kuwa hakuna abebaye mzigo wa dhambi wa mwingine. Mwanafalsafa Karl Jaspers, akiwaandikia Wajerumani mwaka 1946, alitenganisha hatia ya mtenda jinai, ambayo ni yake binafsi, na dhima ya kisiasa, ambayo raia huibeba kwa pamoja kwa matendo ya dola yao.

Hapa huzuka pingamizi la haki: ikiwa hatia hufa na mtenda, je, aliyenufaika ameponyoka? La. Watu hufa, lakini dola na makampuni huendelea kuishi. Hurithi mali, hati na mikataba, hivyo hurithi pia madeni. Ndiyo sababu Katiba ya Kenya ya 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria, na mwaka 2019 tume hiyo ikakubali kwamba Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa. Mwaka 2022 wawakilishi wao waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Hakuna mtoto wa jirani aliyetajwa kuwa mshtakiwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza ufundishaji. Mwanafunzi asomeshwe sheria ya 1934, alinganishe ramani za zamani na za sasa, asikilize wazee wa pande zote, kisha aulizwe: nani aliamua, nani alinufaika, nani aliumia, na nani leo ana uwezo wa kurekebisha? Maswali hayo humwondolea mtoto wa Kipsigis kisasi na mtoto wa Kisii hofu, bila kumficha yeyote ukweli. Hatia si urithi wa mtoto yeyote. Anachorithi ni wajibu wa kujua yaliyotendeka na, akifikia umri wa uraia, kuidai dola yake na zile zilizoitangulia zilipe kinachodaiwa.