Kutembea Tu

Jumamosi moja kikundi chetu cha Karatu kilipanda Olmoti kutoka kijiji cha Nainokanoka, askari wa hifadhi akitangulia. Njiani kijana mchunga ng'ombe akatuuliza, "Mmepotelewa na nini?" Tukajibu kwamba tunatembea tu. Akacheka.

Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti, wakaahidiwa kuishi Ngorongoro. Tangu 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, Handeni. Inasemwa kuwa watu na mifugo wameielemea hifadhi, na hoja hiyo si ya kupuuza. Lakini mimi nililipa kiingilio, nikakanyaga nyasi zilezile kwa starehe, jioni nikarudi zangu Karatu. Je, risiti ina haki kuliko kuzaliwa pale?

Sijaacha kupanda. Ila nikiulizwa ninachotafuta, "natembea tu" hainitoki tena mdomoni.