Jumla Haimwoni Aliyekosekana

Masomo: 2 Samweli 24:1–10, Luka 15:3–7



Habari ya kondoo mia tunaijua tangu Shule ya Jumapili. Ukimwamsha mtoto usiku wa manane atakusimulia. Kwa hiyo leo sitaanza na kondoo, nitaanza na ndege.

Mwisho wa Machi, kijana mmoja wa kwaya yetu, ambaye huwatembeza wageni wanaokuja kuangalia ndege huku Delta, alinichukua asubuhi tukasimama juu ya tuta la barabara. Garsen mnaijua, ni tambarare; ukitaka kuona mbali unapanda tuta. Alitaka nione kozi na mwewe wanaorudi kaskazini kabla masika hayajashika. Kwa muda wa saa mbili tukaona ndege 11. Mimi nikaandika 11, nikafunga daftari. Yeye akaniuliza, "Pasta, kumi na moja wa aina gani?" Sikuwa na jibu.

Akanieleza kwamba huko Eilat, kusini mwa Israeli, wako watu wanaofanya kazi hiyo juu ya milima. Ni upande ule ule wa Elothi tunaousoma katika 1 Wafalme 9:26, Sulemani alikoundia merikebu zake. Tai na mwewe waliokimbilia Afrika wakati wa baridi hupita hapo wakirudi Ulaya na Asia kuzaa. Tai hapigi mabawa safari nzima. Hupanda akizunguka ndani ya hewa ya joto inayotoka ardhini, akifika juu anateleza mbele mpaka apate nyingine. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba, ndiyo maana wengi huizunguka bahari, wanabanana pale kwenye nchi kavu. Masika ya mwaka 1985 walihesabiwa zaidi ya milioni 1.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wengi kabisa kati ya hao walikuwa aina moja tu, mwewe anayechimbua viota vya nyigu na kula mabuu yake. Mtu akitazama jumla peke yake atasema mambo ni mazuri, mbingu imejaa. Lakini wale waliosimama mlimani waliandika kila aina kwa jina lake. Kwa hiyo walijua habari za tai wa nyika, yule anayezaliwa Urusi, Kazakhstan na Mongolia na kuja kukaa huku kwetu Afrika Mashariki. Miaka ya 1980 aliweza kupita pale kwa makumi ya maelfu katika masika moja. Baadaye akapungua sana. Wengine wanakufa kwa umeme kwenye nguzo, wengine kwa sumu. Tangu 2015 amewekwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mbingu ilionekana imejaa, kumbe kuna aliyekuwa akikosekana.

Wapendwa, maneno hayo yalinichoma, na lazima niwaambie sababu.

Mnakumbuka mafuriko ya 2024. Mto ulipovunja kingo tukahamia penye mwinuko, tukajenga vibanda vya maturubai. Nikaombwa niandike orodha ya familia za upande wetu ili zipate chakula. Mimi nimesomea biashara. Nipe karatasi yenye safu na mistari, nimefurahi. Nilipita jioni moja, kibanda kwa kibanda, nikapata familia 64. Nikajumlisha mara mbili, nikatuma. Kesho yake unga ulikuja wa familia 64, haukupungua hata mfuko mmoja. Nikajisifu moyoni. Nilisema, hiyo ndiyo kazi safi.

Siku ya tatu mtoto mmoja akaniambia, "Pasta, bibi yetu hakupewa." Ni mama yetu mmoja wa maombi, analea wajukuu watatu. Jioni niliyopita alikuwa amekwenda na mtumbwi kuangalia kama mbuzi wake wamebaki. Kibanda kilikuwa kimefungwa, nikapita. Siku tatu zote yeye na wajukuu walikula kwa jirani, mama Muislamu aliyegawa naye unga wake nusu kwa nusu bila kuandika orodha yoyote.

Nilimwendea na mfuko kutoka nyumbani kwangu, nikamwomba msamaha. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, mimi nilidhani umeniona." Jina lake liliongezwa, lakini siku tatu za njaa ya wale watoto sikuweza kuzirudisha. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja, ila yeye hakuwemo.

Hebu sasa turudi kwa Daudi. Katika 1 Samweli 17:34–35 ni kijana mchungaji. Simba au dubu akichukua mwana-kondoo mmoja, Daudi anajua, anamfuata, anamnyang'anya kinywani. Mmoja tu! Halafu fungua 2 Samweli 24. Sasa ni mfalme, anamtuma Yoabu azunguke nchi miezi 9 na siku 20 amletee idadi ya watu wa vita. Yoabu alirudi na 800,000 wa Israeli na 500,000 wa Yuda. Umeona jina la mtu hata mmoja hapo? Hakuna. Ni panga tu. Moyo wa Daudi ukamchoma baada ya hesabu, na mimi nadhani ulimkumbusha yule mwana-kondoo.

Basi shida si kuhesabu. Mchungaji wa Luka 15 naye alihesabu. Asingehesabu angejuaje kwamba wako 99? Tofauti ni hii: Daudi alihesabu ajue ana wangapi, mchungaji alihesabu ajue ni nani hayupo. Na alipojua hakukaa chini kuandika ripoti. Alitoka.

Kijana wetu alinifundisha neno moja la mwisho pale kwenye tuta. Alisema ndege wakiwa wanazunguka pamoja juu kwa juu, huwezi kuwahesabu, wanakuchanganya macho. Unangoja watoke kwenye mzunguko na kuteleza mmoja mmoja. Jamani, si ndivyo tulivyo? Wakati wa sifa, tukiruka na vumbi likipanda, kanisa linaonekana limejaa. Ni pale mlangoni, mkitoka mmoja mmoja, ndipo mtu anaweza kuona nani leo amenyamaza, na nani hajaonekana tangu mwezi uliopita.

Kwa hiyo, kwa ruhusa ya mchungaji wetu kiongozi, kuanzia wiki hii viongozi wa makanisa ya nyumbani msiniletee idadi peke yake. Nileteeni majina ya ambao hawajaonekana Jumapili mbili. Na kabla hamjaniletea jina, mwe mmeshafika kwake. Ukikuta mlango umefungwa, usipite kama nilivyopita mimi. Uliza jirani. Ngoja. Rudi tena jioni.

Na wewe unayesoma, funga gazeti hili kidogo ufikirie mtu mmoja ambaye hujamwona siku nyingi. Jina limekujia? Nenda leo.

Tuombe. Baba, wewe unayejua hesabu ya nywele zetu, utusamehe kwa wote tuliowapita. Tupe macho ya kumwona asiyekuwepo, na miguu ya kumfuata. Katika jina la Yesu. Amina.