Jibini na Kiasi

Hapa Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, chakula chetu ni bukari na samaki. Jibini ni mgeni atokaye mbali, milima ya Masisi huko Kivu ya Kaskazini. Basi mtu atakaye kupunguza mwili huuliza: nikiifurahia, je, nimeshindwa?

Tufikiri vema. Kilo 1 ya jibini hutaka maziwa kama lita 10, na sehemu kubwa ya mafuta yake hukusanyika humo. Anayeitia juu ya sahani iliyojaa bukari, kisha akasema, "Nimeonja tu," anajidanganya.

Lakini utamu si adui. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba ulafi ni kosa, na kukataa utamu hata ule uhitajiwao na mwili ni kosa pia. Bali kujinyima kwa ajili ya afya ni vema.

Mimi nilipojinyima kwa hasira, kesho yake nilikula mara mbili. Sasa nakata kipande kidogo, nafunga kilichobaki, nala polepole pamoja na wenzangu. Tumbo likidai tena, naliuliza: ni njaa, au ni ulimi tu?