Upele Bwenini: Kosa la Nani?

Kabla ya kuja chuoni Bujumbura nilisoma shule ya bweni. Mwenzetu mmoja alipoanza kujikuna, alirudishwa nyumbani na godoro lake likatolewa nje. Tuliona ni haki: mmoja aondoke, wengi wapone. Lakini upele haukuondoka naye.

Mwaka 1927 Kermack na McKendrick waliandika milinganyo inayowagawa watu katika makundi: walio hatarini, wanaoambukiza na waliopona. Kwa upele, kundi la pili halionekani lote. Anayeupata kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku akiwaambukiza wengine. Na aliyetibiwa hurudi hatarini akilala karibu na asiyetibiwa. Basi anayejikuna leo huenda aliambukizwa na yule aliyemcheka jana.

Je, ni haki kumpaka dawa asiyewashwa? Atasema mwili ni wake. Kweli, lakini bwenini hatari ni ya wote, na dawa ya mmoja haifai kitu wengine wasipotibiwa. Kwa hiyo tutibiwe wote siku moja, bila kumtafuta mkosaji.